Miezi Mitatu Bila Kujisaidia

Kinasa sauti kilikuwa cha Kijerumani, biskuti za Kiskoti, na sauti iliyotoka kwenye mkanda ilikuwa ya Unguja.

"Miezi mitatu, mabwana. Wenzangu walijisaidia. Mmoja usiku wa kwanza, mwingine wiki ya pili. Mimi sikujisaidia hata mara moja."

Dakta Whitcombe alibonyeza kitufe, mkanda ukasimama. Alisubiri kidogo, kama watu wanavyosubiri kanisani baada ya sala.

"Miezi mitatu bila kuruhusiwa kwenda chooni," alisema kwa Kiingereza. "Tumeiweka katika ukurasa wa kwanza wa ripoti. Unaona ilivyo?"

"Umemuuliza daktari?" Abdulsamad Mbarouk alisema.

"Daktari gani?"

"Yeyote. Hakuna mtu anayeishi miezi mitatu bila kwenda chooni."

Whitcombe alikunja uso. Alikuwa mkurugenzi wa Taasisi ya Carrow, nyumba ya matofali mekundu huko Bloomsbury, London, ambako wasomi kumi hivi walilipwa kuchunguza namna mataifa yanavyosaidiana katika mambo ya usalama. Ukutani palikuwa na ubao wenye safu mbili, moja imeandikwa Ulaya, nyingine China.

"Ulaya inapeleka kanuni, mitihani, vyeti na masharti," alieleza, kama aliyeulizwa. "China inapeleka walimu wanaolala kambini, wanakula wali wa kambini na hawaulizi kitu. Ujerumani ya Mashariki wako katikati. Kisiwa chenu ni mahali pekee ambapo wote walifundisha watu walewale. Kwetu ni bahati kubwa. Tunataka kujua ipi inadumu."

"Inadumu kwa nani?"

"Kwa dola, bila shaka."

Abdulsamad hakuendelea na hilo. Hadi Januari 1964 alikuwa inspekta wa upelelezi Unguja. Sasa, Novemba 1972, alifanya uchunguzi kwa niaba ya wakili Mohinder Gill wa Hounslow, na mwaka ule kazi ilikuwa tele, kwa sababu ndege za kutoka Entebbe zilikuwa zikishusha Wahindi kila siku, na walio na pasi zenye utata walikuwa wengi. Mteja wao wa sasa, Harish Raval, hakutoka Entebbe. Alitoka Unguja kwa njia ya Mombasa na Nairobi, akaingia London na mkewe katika msongamano huo. Sasa alikuwa amezuiliwa karibu na uwanja wa ndege, na Ijumaa asubuhi angepandishwa ndege ya kurudi Unguja. Leo ilikuwa Jumatano.

Sababu ilikuwa moja. Shahidi mmoja, aliyeletwa na Taasisi, alikuwa amewaambia watu wa uhamiaji kwamba Harish alikuwa mhojaji katika Nyumba ya Chokaa, ambako mahabusu wa siasa waliwekwa. Lila, mkewe, alikaa mbele ya meza ya wakili bila kuvua koti, akasema maneno machache tu: "Bhai Abdulsamad, wakimshusha kule hatafika hata nyumbani kwa dada yake."

Mlango ulifunguliwa, na shahidi akaingia na sinia ya chai. Suti ya kijivu, viatu vimepigwa rangi, kucha safi. Umri wake haukufika arubaini.

"Afande Mbarouk!" alisema kwa Kiswahili, akiweka sinia. "Wallahi ni wewe. Ulikuwa ukipita Darajani na baskeli yako, sisi vijana tunanyamaza kimya. Mimi Msabaha. Hunijui, lakini nakujua."

"Nimesikia sauti yako kwenye mkanda. Hukujisaidia miezi mitatu?"

Mkono wa Msabaha ulisimama juu ya bakuli la sukari. Kisha ulishika kijiko, na mwenyewe akacheka.

"Aa, namna ya kusema tu, afande. Hawa ukiwaambia ulinyimwa usingizi, wanaandika mstari mmoja. Ukiwaambia choo, wanatoa leso. Vijiko vingapi?"

"Sitaki sukari. Nieleze chumba cha mahojiano."

"Kidogo. Mlango unafungukia ndani, unagonga ukuta. Dirisha limezibwa kwa matofali, juu wameacha tundu la kupitisha hewa. Kiti ni kigoda, hakina mgongo. Unakaa juu ya viganja vyako, mapaja yanavibana, hivi." Alikaa, akaonesha, akasimama tena haraka ili suti isikunjike. "Hiyo ya Mjerumani. Mchina alileta karatasi. Andika maisha yako tangu ulipozaliwa. Ukimaliza, andika tena. Na tena. Palipobadilika ndipo penye uongo."

"Na Waingereza walituachia nini?"

"Jengo," alisema Msabaha. Whitcombe, ambaye hakuelewa neno hata moja, aliwaona wanatazamana na akatabasamu.

"Harish Raval alikuwa wapi?"

"Mbele yangu. Alihoji kwa upole. Mpole kweli yule Mhindi. Ungedhani anakupimia kitambaa."

Abdulsamad aliacha chai bila kuigusa. Dhana yake ya kwanza ilikuwa rahisi, kwamba huyu hakuwahi kufungwa kabisa. London ilikuwa na watu wa namna hiyo, waliokusanya mateso ya wenzao na kuyauza kwa wenye kinasa sauti. Kama maelezo ya chumba yalikuwa ya kubuni, kesi ingekwisha jioni hiyohiyo.

Alipanda treni kwenda Woolwich.

Mzee Hamad aliishi ghorofa ya nne katika nyumba za halmashauri, peke yake, na hita ya mafuta ya taa iliyonuka chumba kizima. Kabla ya kukamatwa alikuwa karani wa forodha. Sasa alifagia ofisi. Alikaa Nyumba ya Chokaa mwaka mzima wa sitini na sita, na kila Mzanzibari wa London alilijua hilo, ingawa hakuna aliyemuuliza. Abdulsamad alimuuliza.

"Mzee wangu, nisamehe kwa swali hili. Mle ndani mlijisaidia?"

Mzee alipunguza moto wa hita.

"Hili ndilo lililokutoa Hounslow na baridi hii? Tulijisaidia! Kwani sisi malaika? Palikuwa na ndoo karibu na mlango. Asubuhi unaibeba mwenyewe nje, basi hapo ndipo unapoliona jua."

"Kuna aliyenyimwa ndoo?"

"Usingizi walitunyima. Maji mara nyingine. Ndoo, hapana. Wangetunyima ndoo wangenusa wao."

"Neno lenyewe, kujisaidia, mlilitumia kwa maana nyingine?"

"Maana gani nyingine, mwanangu? Ndoo ni ndoo."

Abdulsamad alimsomea chumba kama alivyokieleza Msabaha. Kigoda, sawa. Mikono chini ya mapaja, sawa, na mzee, bila kujua, akaitoa mikono yake magotini akaikunja kifuani. Karatasi, sawa.

"Mlango unafungukia ndani?"

"Sijui."

"Dirisha lililozibwa?"

"Lilikuwapo dirisha?" Mzee Hamad alishangaa kweli. "Sisi tulifungwa kitambaa tangu kwenye korido. Wanakukalisha, wanakifungua, taa usoni. Ukimaliza, kitambaa tena. Nyuma ya ile taa kulikuwa na nini, mpaka leo sijui. Nilisikia sauti tu. Sauti za vijana wetu wenyewe, Kiswahili kama changu."

Hivyo dhana ya kwanza ilikufa. Msabaha alikuwa amekiona chumba, na alikuwa amekiona vizuri kuliko mtu aliyekikalia mwaka mzima. Lakini mtu kuliona dirisha si ushahidi. Kitambaa huteleza, na wakili wa upande wa pili angelisema hilo kabla ya kuketi.

Mzee alimsindikiza hadi kwenye ngazi.

"Abdulsamad. Unamtafuta mmoja wao, nimefahamu. Yuko hapa London?"

"Sina hakika."

"Ukiwa na hakika, niambie. Sitamfanya kitu, mimi nina nguvu gani? Nataka kujua tu. Huwa nikiwa kwenye basi, mtu wa kwetu akanisalimu kwa nyuma, nashuka kabla ya kituo changu. Miaka minne sasa. Nimechoka kutembea."

"Nitakuambia," alisema Abdulsamad.

"Sema inshallah."

"Inshallah."

Alhamisi asubuhi alipata ruhusa ya kumwona Harish Raval. Chumba cha wageni kilikuwa na meza iliyofungwa kwa skrubu sakafuni, na kila baada ya dakika chache ndege ilipita juu na mazungumzo yakakatika. Harish alikuwa mwembamba, na alikuwa amechana nywele kwa maji.

"Lila anakula?"

"Anakula. Nina swali moja la lugha. Wewe ulikuwa mkalimani."

"Nilifasiri tu. Nilimwambia wakili. Mwalimu wa Kijerumani hakujua Kiswahili, alifundisha kwa Kiingereza, mimi nikafasiri darasani. Vijana kumi na watano. Sikumhoji mtu."

"Nani katika darasa lile angesema kwamba miezi mitatu hakujisaidia?"

Ndege ilipita. Harish alifungua mdomo, akaufunga, akasubiri kelele ipite. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Nani amekwambia hilo neno?"

"Nieleze kwanza."

"Ni kosa langu, bwana. Kosa la kijinga. Siku ya pili ya darasa yule Mjerumani alisema kwamba mahabusu anayetoa habari anajifanyia msaada yeye mwenyewe, na kwamba kazi yetu ni kumwonesha hivyo. Nilikuwa nafasiri haraka. Nikasema, mahabusu anayesema, anajisaidia."

Abdulsamad alimwashiria aendelee.

"Darasa zima lilianguka kwa kicheko. Mwalimu akauliza kulikoni. Ningemwambia nini? Nikamwambia, bwana, wamefahamu vizuri sana. Akafurahi. Tangu siku hiyo likawa neno lao. Fulani amejisaidia, maana yake amesema. Fulani bado hajajisaidia, basi mrudisheni kwenye kigoda. Waliandika hivyo hata ubaoni."

"Mbele ya mahabusu?"

"Hapana. Lilikuwa neno la darasani na la chumba cha chai. Mbele ya mahabusu walifundishwa kusema 'kushirikiana'. Mjerumani alisisitiza hilo, lugha ya adabu." Alijifuta mdomo. "Na unajua kilichonichukiza zaidi? Alipokuja mwalimu wa Kichina, yeye alikuja na mkalimani wake mwenyewe, kijana aliyejifunza Kiswahili Peking, Kiswahili cha redio, safi kabisa. Akawasikia vijana, akadhani ni istilahi. Akawa anasema darasani, taratibu, bila kucheka: 'Ndugu, mahabusu asipojisaidia leo, atajisaidia kesho.' Walimu wale wawili hawakuamkiana hata kwa kichwa. Neno hilo tu ndilo waliloshirikiana."

"Na wewe ulibaki."

"Nilibaki miezi minane. Nilikuwa nafasiri tu."

"Usiseme 'tu' mbele ya hakimu," alisema Abdulsamad. "Mwezi uliopita ulikutana na mtu. Mkeo anasema ulirudi nyumbani hukula."

"Kituo cha basi Hounslow. Mtu wa suti. Akanishika bega, akasema, 'Shikamoo mwalimu.' Hivyo tu. Nami nikamjua, alikaa safu ya mbele. Jina sikulijua, darasani walitumia namba. Yeye mwenyewe alikuwa ameshasema kabla hajafikiri. Nikaona anavyonitazama baada ya pale. Wiki iliyofuata wakaja kunichukua."

Mambo yote yalikuwa yamekaa mahali pake. Msabaha aliposema hakujisaidia, alitaka kusema kwamba hakutoa siri, lakini neno hilo walilijua wahojaji peke yao. Alikuwa amejipa sifa ya shujaa kwa lugha ya chumba cha chai, kwa sababu baada ya miaka mingi ya kulitumia neno hilo hakuwa na jingine, na mwanafunzi aliyefasiri mkanda, pengine kijana wa Nairobi mwenye kamusi, aliona choo akaandika choo. Mtu mmoja tu London nzima angeweza kulielewa neno lile, na Msabaha alikuwa amempangia kiti kwenye ndege.

Mchana uleule, kwenye Taasisi, Whitcombe alisikiliza bila kukatiza. Msabaha alikaa karibu na dirisha na mguu mmoja juu ya mwingine. Abdulsamad alieleza kwa Kiingereza, hatua kwa hatua, kwanza neno, kisha dirisha, mwisho kituo cha basi. Alipomaliza, Whitcombe hakuonesha mshangao wowote. Alichukua biskuti.

"Tumejua tangu kiangazi," alisema.

"Mlijua nini?"

"Kwamba alikuwa upande wa pili wa meza. Fikiri, Bwana Mbarouk. Mahabusu anajua maumivu yake, na maumivu hayatufundishi kitu. Ofisa anajua mbinu. Kitu gani kinafundishwa wiki ya kwanza, kitu gani mwezi wa tatu, vifaa vinatoka wapi, nani anatia saini. Hakuna mtu mwingine Ulaya aliyepita madarasa yote mawili."

"Katika ripoti yenu yeye ni mfungwa."

"Ripoti itasomwa na mawaziri. Mawaziri hawapendi kumshukuru mtesaji."

"Na Harish Raval?"

"Hilo ni jambo la uhamiaji. Msabaha alitoa ushahidi wake kwa hiari. Sikumshauri."

Msabaha alikuwa akichezea kifungo cha shati. Abdulsamad alimtazama, kisha akautazama ubao wenye safu mbili. Chini ya Ulaya mtu alikuwa ameongeza kwa chaki maneno *heshima ya sheria*, na alama ya vema. Alikumbuka siku moja katika kazi yake alipofungua pipa la samaki bandarini na kukuta si samaki.

"Magazeti ya Jumapili yatapenda habari hii," alisema.

"Bila shaka. Ya Jumapili." Whitcombe alipangusa makombo. "Mteja wenu anaondoka kesho asubuhi. Lakini tuseme naweza kupiga simu moja. Tuseme shahidi amegundua kwamba alimfananisha. Miaka imepita, Wahindi wengi wana miwani. Ushahidi unaondolewa, mteja wenu analala kwake leo. Nyinyi mnanipa neno lenu, wewe na wakili wako, kwamba jina la Bwana Msabaha halitatoka nje ya chumba hiki. Magazeti, marafiki, jamaa. Mtu yeyote."

"Mtu yeyote?"

"Yeyote. Tunahitaji ushirikiano wako."

Abdulsamad alipima. Asingempata hakimu kabla ya asubuhi kwa hoja ya neno moja la Kiswahili. Gazeti lingetaka mthibitishaji wa pili, na wa pili hakuwapo, kwa kuwa Mzee Hamad hakuona ila taa. Upande huu palikuwa na mtu hai ambaye kesho angeshushwa mahali asipofika kwa dada yake. Upande wa pili palikuwa na mzee anayeshuka basi kabla ya kituo chake.

Aliomba simu, akazungumza na wakili Gill kwa dakika mbili. Gill alisema, "Chukua." Abdulsamad aligeuka.

"Piga hiyo simu sasa hivi. Nitasubiri hapa hadi nimsikie Raval mwenyewe akiwa nje ya lango."

Ilichukua alasiri yote. Walimletea chai mara mbili na mara mbili aliiacha ikapoa. Kiza kilipoanza kuingia, simu ililia, na upande wa pili palikuwa na kelele za ndege na sauti ya Harish ikilia na kucheka. Lila akaichukua simu kwake. "Bhai, Mungu akulipe," alisema. "Nani alikuwa amemsingizia? Mmemjua?"

"Hapana," alisema Abdulsamad. "Ilikuwa kufananisha."

Alivaa kofia. Whitcombe alikuwa ameshageukia karatasi zake. Msabaha ndiye aliyemfungulia mlango wa mbele, akamshikia koti vizuri, mikono yote miwili kwenye kola, kama kijana aliyelelewa vyema anavyomfanyia mkubwa wake.

Nje, basi jekundu lilisimama, likapakia watu, likaondoka.

"Umejisaidia, afande," alisema Msabaha kwa upole. "Na wala hakuna aliyekukalisha juu ya mikono."